Malalamiko ya Mwosha Maiti Aliyekosa Maiti

Mengo, Kampala
Julai 1976

Kwa Bwana Mganga Mkuu,

Mheshimiwa,

Nakuamkia kwa heshima zote na kukupa pole ya kazi, ambayo tunasikia imekuwa nyingi kuliko vitanda. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu serikali imekitangaza kuwa lugha ya taifa. Majirani zangu Waganda wameshaanza kujifunza. Wanajua "simama", "toa kitambulisho" na "lala chini".

Mimi ni Abdulghani, mwosha maiti wa Waislamu wa hapa Mengo. Juma lililopita nilikuja kuomba ile nafasi mliyoitangaza gazetini, ya msaidizi wa daktari anayechunguza maiti. Karani wenu, Bwana Nashon, alinitazama kuanzia kofia mpaka kandambili, akasema: "Mzee, hii kazi si ya kuosha watu. Enda nyumbani, na usirudi hapa kuuliza-uliza." Nami sikuwa nimeuliza kitu! Basi nimeona niweke malalamiko yangu kwa maandishi.

1. Kazi yangu mmeichukua nyinyi. Zamani mtu wa Mengo alikufa kitandani kwake, wanawe wakaja kunigongea, nikabeba ndoo, pamba na kafuri. Nikimaliza, wafiwa walinipa sadaka na kipande cha sabuni kilichobaki, na siku hizi unajua sabuni ni kitu gani. Sasa wajane mtaani wanaongezeka ila maiti hawaji. Kwetu kumwosha maiti ni faradhi, na asipooshwa dhambi ni ya mtaa mzima. Sijui dhambi hizo zinapokelewa wizara gani, maana zimejaa. Kama wateja wangu wote wako kwenu, ni haki na mimi nihamie kwenu.

2. Mlitaka cheti cha sayansi. Sina. Mlitaka pia barua za watu wawili wanaoifahamu kazi yangu. Mheshimiwa, wanaoifahamu vizuri wako makaburini, na posta yetu, pamoja na maendeleo yote ya mapinduzi, haijafika huko. Mikono yangu haitetemeki, sitapiki, na ninajua kumgeuza mtu mzito peke yangu bila kumuumiza.

3. Hili ndilo kubwa, na nashangaa hamkulitafuta hata gazetini. Dini yetu inamwamuru mwosha maiti kuficha alichokiona. Awe na jeraha, awe na alama, nikitoka nje ninawaambia ndugu zake kwamba amelala vizuri, basi. Ofisi yenu itampata wapi tena mtu wa namna hii, anayeona yote na kusema hakuna? Mfano ni marehemu Fadhul, fundi wa baiskeli, maiti wa mwisho mliyeturudishia. Karatasi yenu ilisema kagongwa na gari. Mimi nilimwosha, na niliyoyaona sitayasema. Nitasema tu kwamba gari hilo lilikuwa dogo kama kidole gumba, lilimpitia mgongoni mara kadhaa, na kabla ya kumgonga lilimfunga mikono. Madereva wa siku hizi hawana adabu.

4. Namhurumia daktari wenu. Kila siku anaandika ajali, malaria, ajali, malaria, wakati Kampala nzima haina petroli ya kugongana. Msaidizi aliyekuwapo alikimbilia Nairobi, wanasema kwa sababu aliuliza swali. Mimi sitauliza. Sina swali hata moja, niandikeni hivyo kwenye faili langu.

5. Kuna watu wenye midomo mirefu wanaosema naitaka kazi hii kwa ajili ya mdogo wangu, Maftah. Ni uzushi! Maftah alikuwa kwenye foleni ya sukari. Walikuja mabwana wenye miwani myeusi, na kwa ukarimu wao hawakutaka atembee kwa miguu, wakamfungulia buti ya gari. Polisi wametueleza kwamba amevuka kwenda Kenya. Serikali haisemi uongo, kwa hiyo yuko Kenya, na kiatu kimoja. Kile kingine kilibaki kwenye foleni, na mama yetu, Bi Hajara, anakipiga rangi kila Ijumaa. Huyo ni kijana aliyesafiri tu, na hahusiani na maombi yangu.

Kwa hiyo naomba niajiriwe mara moja. Mshahara tutazungumza baadaye, au tusizungumze kabisa. Naomba tu ruhusa ya kuingia kila mahali maiti walipo na kuwatazama mmoja mmoja nyuso zao, kama kazi inavyotaka. Kama hilo haliwezekani, basi wote waletwe Mengo, tutawapanga barabarani na kila mtu achague wake.

Nisalimie daktari, walinzi wa geti, na Bwana Nashon, ambaye nadhani alinifukuza kwa kunionea huruma. Nawasalimu pia mabwana watakaoifungua barua hii kabla yako. Tafadhali waifunge vizuri, gundi imeadimika.

Mimi mtiifu wako, nikisubiri kuanza kazi,

Abdulghani
Mwosha maiti, Mengo

Tanbihi: Nimemsomea mama barua hii. Amesema maneno ni mengi mno kwa mtu asiye na swali. Mheshimiwa, kazi siitaki. Wala kule kunyamaza nilikojisifia usikuhesabu, kwa sababu nikimpata huyu mmoja nitatoka nje na kueleza kila nilichokiona, kwa sauti, atakayekuja na aje. Maftah ana kovu la pasi kwenye bega la kulia. Akiwa kwenu, nipeni nimwoshe, hata uani, hata kwa maji ya mvua. Mtamtambua kwa mguu wenye kiatu. Cha pili tutakuja nacho.