Toleo Langu na Toleo la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Cheo kinanukia! Kompyuta zote za ofisi zinahamia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta wenye matoleo mengi, na mkurugenzi anataka sura moja ya madirisha na menyu, toleo moja kwa wote. Ambaye toleo lake litawapendeza wafanyakazi ndiye mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kitengo chenyewe kina watu wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye anataka toleo la zamani, eti limezoeleka na halina vituko. Ya kale dhahabu, anasema. Mimi nataka lililotoka wiki iliyopita. Kipya kinyemi! Tumeweka mashine mbili ukumbini, watu wajaribu hadi Ijumaa.

Jumanne, 4 Juni
Nimemtangulia shemeji ofisini. Toleo lake nimeliweka kwenye mashine kuukuu, ile inayokoroma. Langu kwenye mpya. Watu wamejazana kwangu! Shemeji kakuna kichwa tu. Nimemhurumia, hadi saa ya chai.

Jumatano, 5 Juni
Mhasibu kalalamika. Madirisha yangu yanaruka kama panzi, na kitufe cha kuzima hakionekani. Nikamweleza apeleke mshale pembeni, asubiri, abofye mara mbili. Akaniuliza kama anazima kompyuta au anafungua kasiki. Kisha akachomoa waya ukutani. Wengine hawataki maendeleo.
Nyumbani, mke wangu kanikumbusha kuwa methali yangu inaendelea: ingawa kidonda. Damu nzito kuliko maji.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Toleo langu limejisasisha lenyewe asubuhi. Kioo cheusi tii. Na mkurugenzi anakuja kujaribu mchana! Nikafunga mlango, nikaweka toleo la shemeji kwenye mashine yangu, nikabandika nyuma ya madirisha ile picha yangu ya maporomoko ya maji ili lionekane langu. Mkurugenzi kakaa, kabofya, katabasamu. Akasema hili limetulia, hata mama yake angeliweza. Nimejipongeza kwa soda mbili.

Ijumaa, 7 Juni
Wote wamechagua mashine yangu. Wote! Mhasibu kasema anaona mashine ilipona jana. Nikasimama kutoa shukrani. Mkurugenzi akaomba nifungue ukurasa unaoonyesha jina la toleo, aliandike vizuri kwenye taarifa. Nikakohoa. Nikasema si lazima. Shemeji akaufungua mwenyewe. Jina la toleo lake, kubwa, katikati ya kioo.
Mkuu wa kitengo ni shemeji. Mimi nimepewa simu ya malalamiko. Imeniuma, sifichi. Tena shemeji kanipa pole kwa upole, ndiyo iliyonichoma zaidi.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu kasema mshindi ni kaka yake, nikubali yaishe. Nimekubali. Ila leo limetoka toleo jipya zaidi, na waliolitengeneza wanasema kasoro zote wameziondoa! Nimepita ofisini, nimeliweka kwenye mashine ya mkurugenzi. Shemeji hana habari. Kesho asubuhi mkurugenzi anawaonyesha wageni hesabu za mwaka mzima. Watashangaa wenyewe!