Wiki Niliyotaka Seva Ianguke

Jumatatu, 16 Juni 2025

Toleo jipya la programu ya kulinda seva limeingia leo hapa ushirika wa alizeti, Mtinko. Ritha, msaidizi wangu, anatabasamu tangu asubuhi. Mimi sina cha kutabasamia.

Tuna seva mbili za kutunza vipimo vya mizani. Kuu iko chumbani kwangu, ya akiba iko ghalani. Zamani kuu ikianguka, mizani yote miwili ilisimama mpaka mimi, Philipo, nihamishe kazi kwenda ya akiba kwa mkono. Nusu saa nzima. Wakulima wamejaa dirishani, Mwenyekiti Abraham ananiita mtaalamu. Nusu saa tamu sana. Sasa toleo jipya linahamisha lenyewe.

Na Ijumaa bodi inateua mkuu wa mitambo wa ofisi mpya ya Singida mjini. Ni mimi au Ritha. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa lazima kitu kiharibike, na wa kukiokoa niwe mimi.

Jumanne, 17 Juni

Saa nne asubuhi nikachomoa kebo ya seva kuu. Nikachana nywele. Nikakaa kungoja kuitwa.

Robo saa. Kimya.

Nikaenda uwanjani mwenyewe. Foleni inatembea. Nikamuuliza Damiani, anayesimamia mzani wa kwanza, kama kuna tatizo. Akasema hakuna, akaniuliza mimi nina tatizo gani. Kumbe seva ya akiba ilishika kazi ndani ya sekunde kumi na moja. Isitoshe, programu ilimtumia Ritha ujumbe kwenye simu, na niliporudi chumbani nikakuta ameshachomeka kebo. Akauliza imechomokaje. Nikasema panya.

Mwenyekiti amesifu sana. Ameisifu programu.

Jumatano, 18 Juni

Nimesoma mwongozo. Si wote.

Ofisini kwa Mwenyekiti kuna kisanduku kidogo kiitwacho shahidi. Seva zikipoteza mawasiliano, kila moja hudhani mwenzake amekufa. Hapo shahidi ndiye huamua ipi iendelee na kazi. Bila yeye patatokea vurugu. Ndogo tu, ya kutosha mtu mmoja kuonekana.

Nikamzima kutoka kwenye kompyuta yangu. Programu ikanionya. Nikakubali. Ikanionya tena, kwa maandishi mekundu. Nikakubali tena. Mimi sitishwi na rangi.

Ritha akauliza kama nimegusa kitu. Nikamwambia ni matengenezo ya kawaida. Akanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 19 Juni

Mgongo unauma. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Saa tatu nilikata mawasiliano kati ya seva mbili. Kila moja ikajitangaza kuwa kuu. Mzani wa kwanza ukawa unaandika kwenye seva hii, wa pili kwenye ile. Saa sita mchana wakulima wawili wakajikuta wana namba moja ya kipimo, 214: Mzee Idrissa wa mzani wa kwanza, na Mama Selina wa mzani wa pili, aliyefika na mkokoteni wa ng'ombe akiwa ametoka kwake alfajiri. Magunia kumi na manane.

Saa yangu ilikuwa imefika. Nikaingia mbio mbele ya watu wote, nikaiagiza programu inakili seva moja juu ya nyingine ili zilingane. Nikakosea mwelekeo. Vipimo vyote vya mzani wa pili vikafutika. Wakulima arobaini na mmoja. Namba 214 ikabaki ya Mzee Idrissa peke yake, na kwa mujibu wa kompyuta, Mama Selina hajaleta hata punje.

Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba avute subira kidogo. Hakugomba. Alikaa juu ya magunia yake, akakunja khanga magotini.

"Marahaba," akasema. "Mimi siondoki, mwanangu. Mwaka wangu mzima ndio huu nimeukalia."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kupokea pongezi tu.

Ritha akafunga geti, akaunganisha seva upya, akamwasha shahidi. Kisha akaamua wote arobaini na mmoja wapimwe tena, Mama Selina awe wa kwanza. Mimi nikabeba magunia. Nilibeba mpaka saa kumi na moja jioni. Mama Selina akanipa kiazi cha kuchemsha, akasema vijana wenye moyo kama wangu wamebaki wachache. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua kabisa mdomo.

Nikamalizia kiazi.

Ijumaa, 20 Juni

Toleo jipya lina kitu kingine ambacho sikukifikia kwenye mwongozo. Linaandika kila anayebonyeza kitu, kwa jina na saa.

Mwenyekiti aliisomea bodi polepole, miwani puani. "Philipo amezima shahidi. Ameonywa. Amekubali. Ameonywa tena. Amekubali."

Mjumbe mmoja akaomba arudie hapo. Akarudia.

Nikasema nilikuwa napima uimara wa mfumo. Nikaomba iandikwe kwenye muhtasari. Hakuna aliyeandika.

Walitaka kunifukuza. Ritha ndiye aliyenitetea. Alisema nimekosea vibaya, lakini nilibaki uwanjani mpaka gunia la mwisho, na ushirika haujawahi kupata mtu anayejua vizuri kiasi hicho jinsi mambo yanavyoweza kuharibika. Sijui kama hiyo ilikuwa sifa. Nimebaki kazini. Naruhusiwa kutazama kila kitu, kubonyeza hakuna.

Singida mjini anakwenda yeye. Nikampa mkono.

Jumatatu, 23 Juni

Bosi wangu mpya, Stanley, ameripoti leo. Mpole. Anamwamini kila mtu.

Wikiendi nimesoma mwongozo tena, safari hii mpaka mwisho. Ukurasa wa themanini na saba: wakati wa dharura, mtazamaji anaweza kupewa mamlaka yote kwa saa moja, wakubwa wawili wakikubali kwenye simu. Saa moja inanitosha kabisa kuwaonyesha mimi ni nani.

Stanley amekubali kabla ya chai. Bado Mwenyekiti. Yeye ujumbe ukizidi mistari mitatu hausomi, hubonyeza tu ndiyo aendelee na shughuli zake.

Nimemwandikia mistari ishirini na sita.