Zamu Yangu ya Kulinda Gari la Fedha

Viwanja Sitini,
Ifakara.
Juni 1998

Ndugu Meneja Mkuu,
Kampuni ya Kusafirisha na Kulinda Fedha Dunia Nzima,
Huko huko Ulaya.

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, niamkie kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mimi ni mwenye kampuni mwenzako. Mjukuu wangu Fridolin, karani wenu wa Dar es Salaam, aliuza mpunga wangu wote, hadi wa mbegu, akaninunulia hisa kwenu. Akaniambia yale magari ya chuma sasa ni yangu. Nikafurahi. Leo nataka kujitoa, na sababu hizi hapa:

1. Kwetu Kilombero, watu watatu wakilima shamba moja, wote watatu hupanda dunguni, kile kichanja cha shambani, kwa zamu kuamia ndege wasile mpunga. Asiyepanda hali. Kwa hiyo nilipopata hisa nilijua nina zamu. Gari lenu lilipokuja benki ya hapa lilinikuta nimeshafika, nina blanketi, panga na manati. Vijana wenu wakanielekezea bunduki. Mimi, mwenye mali! Na shikamoo hawakunipa.

2. Niliwauliza jana ilikuwa zamu ya nani, hawajui. Nikauliza zamu ya Meneja ni lini, wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Fridolin anasema wenye hisa ni maelfu na wako makwao wamelala. Maelfu! Na hakuna hata mmoja wa kurusha jiwe? Kwelea kwelea angewamaliza asubuhi moja.

3. Gari lenyewe vidirisha vyake kama tundu la panya. Mlinzi amejifungia ndani, sasa mwizi atamwonaje? Mimi nguruwe pori namwona kabla hajaamua kuja.

4. Parokiani kikapu cha sadaka hupita wazi, bila bunduki, na hakijaibwa hata siku moja. Usiniambie ni kwa sababu hakuna kitu ndani. Mimi huwa natoa.

5. Mmeniletea karatasi, eti ndiyo gawio. Karatasi haikobolewi.

Basi nirudishieni mpunga wangu, mpunga hasa, kabla mvua hazijaanza. Nisipopata mbegu, shamba langu la Lumemo litalala, nami nitakwenda kula kwa mkwe wangu. Humjui mkwe wangu, ndiyo maana umetulia.

Wasalimie wenye hisa wote, waambie kumekucha. Msalimie mkeo na watoto. Fridolin usimsalimie.

Ni mimi, ninayejitoa,
Bibi Theodosia.

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, jirani yangu Balbina akaja kuniuliza nikitoka ataipataje nafasi yangu. Balbina! Mwanamke ambaye hata kuku wake wanakuja kulala kwangu! Sijitoi ng'o. Mbegu atanikopesha huyo huyo Balbina, mwenye kampuni hanyimwi. Ila gari likija tena lipite polepole mlangoni kwake, mimi nikiwa nimekaa mbele.