Mkurdi Aliyepelekwa Mtae

Jumatatu, 2 Juni
Furaha iliyoje! Nafasi ya kongamano la lugha Dodoma ni moja, nasi tunaoitaka ni wawili: mimi na Mwalimu Rahabu. Yeye analinganisha Kiingereza na Kishambaa. Kutwa yuko sokoni na daftari, anahoji bibi wauza kabichi. Maskini! Mimi nalinganisha Kiingereza na Kikurdi, kwa isimu tambuzi: lugha huonyesha akili inavyoiona dunia. Kikurdi sikijui. Lushoto nzima nani anakijua? Nimeandika kwamba Wakurdi, watu wa milimani kama sisi, huiona kesho iko kileleni na jana iko bondeni. Mifano kumi na minne, yote nimeitunga mwenyewe. Inapendeza!

Jumanne, 3 Juni
Balaa! Nyumba ya wageni ya Mama Eliza imepokea Mkurdi. Mkurdi halisi! Mzee Hiwa, mstaafu, mpenda ndege wa msituni. Rahabu kanipa habari huku anatabasamu. Eti keshamwalika Alhamisi, nitakaposoma mada yangu mbele ya kamati ya uteuzi.

Saa kumi. Nimepata dawa! Nimemwendea mzee, nikamsifia ndege wa Mtae. Mbali, barabara mbovu, safi kabisa. Nimempa barua ampelekee mjomba wangu Emanueli, aliyeko huko: amtunze mgeni mpaka Jumapili.

Jumatano, 4 Juni
Basi la Mtae limemchukua. Nimelipungia mpaka likamezwa na ukungu. Nikapitia kwa fundi Ramadhani kupimwa suti ya Dodoma.

Alhamisi, 5 Juni
Nilikuwa nanguruma! Mfano wa sita, mlango ukafunguka. Mjomba, matope hadi magotini. Nyuma yake Mzee Hiwa! Mjomba akaiambia kamati kwamba kwao mgeni hasindikizwi nusu njia. Mgeni alitamani kuja, naye ataendelea kumtunza popote mpaka Jumapili, kama barua ilivyoagiza.

Mzee alisema ana miezi miwili hajasikia lugha ya mama yake. Akakaa mbele, mkono sikioni. Nikasoma mifano yote. Akauliza kwa upole hiyo ni lugha gani. Kicheko! Niliona aibu, hasa kwa vile yeye hakucheka. Rahabu akamsogezea kiti, akamwomba aseme kwao kesho husemwaje. Mzee aliongea saa nzima, machozi yanamlengalenga. Nafasi kapewa Rahabu.

Ijumaa, 6 Juni
Nimelijua kosa langu! Nilichagua watu walio hai. Aliye hai atasafiri, atafika, atasindikizwa. Naanza upya: Kiingereza na Kihiti! Wahiti walikwisha yapata miaka elfu tatu iliyopita. Hata hivyo nimepita kwa Mama Eliza kuhakikisha. Hakuna Mhiti aliyepanga.