Sikio Langu na Mwavuli wa Jumapili

Jumatatu, 6 Oktoba

Maharage mekundu na wali, kama kila Jumatatu hapa mtaani kwetu Tremé. Nimekula sahani mbili. Mtu anayekaribia kuwa mkubwa lazima ale.

Jumapili msafara wa klabu yetu unatoka. Anayeutangulia, mbele ya bendi ya matarumbeta, utepe kifuani na mwavuli wa manyoya mkononi, ni yule mwenye sikio bora kuliko wote. Klabu nyingine wanapiga kura. Sisi tunasikiliza. Ijumaa santuri itapigwa kwenye baa ya Honoré, jalada limefichwa, na atakayemtaja mpigaji na mahali iliporekodiwa ndiye mwenye mwavuli. Tulianza wengi. Tumebaki wawili: mimi, Clovis Dejoie, na Numa Glapion.

Numa alikuwa tarishi. Rafiki yangu tangu tunavaa kaptula, na nampenda, masikini. Akisikiliza hufumba macho na kuinamisha kichwa kama anaombea chakula. Hasemi neno mpaka wimbo uishe. Jazi haisikilizwi hivyo. Jazi inataka kutiwa moyo. Mimi tarumbeta ikianza kupanda napaza sauti: "Pakua, baba, pakua!" Kama kuna kitu sufuriani kitoke chote.

Miaka yote nimekuwa mshika kamba. Ndio wale wanaotembea ubavuni mwa bendi na kamba mkononi ili umati usiwakanyage wapiga ngoma. Kazi ya heshima, sikatai. Lakini nani aliwahi kumpiga picha mshika kamba? Mwaka huu basi. Nimeshanunua viatu vyeupe. Binamu zangu wanatoka Houston kuja kuniona nikitangulia. Nimewaambia mwavuli ni wangu tayari.

Mke wangu Earline kauliza kama na Numa ameambiwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Siri yangu naiandika hapa bila wasiwasi. Earline hawezi kusoma mwandiko wangu, anasema ni kama kuku kapita kwenye majivu. Niliacha shule mapema, shule haikuwa na cha kuniongezea.

Siri ni hii. Santuri mimi sizitambui kwa muziki. Nazitambua kwa mikwaruzo. Santuri za Honoré zote zilinusurika na mafuriko, na kila moja ilitoka na kovu lake. Ikikohoa mara moja mwanzoni, huyo ni Sidney Bechet, na saksafoni yake inayotetemeka kama mtu anayesimulia msiba huku anacheka. Ikiruka kama chura, ni Louis Armstrong wa enzi za ujana. Ikichemka kama kamba wa baharini kwenye mafuta, ni Lester Young, taratibu, mtu asiye na haraka hata nyumba ikiungua. Watu wanadhani nina sikio la malaika. Nina sikio la fundi baiskeli. Ushindi ni ushindi.

Leo nimempelekea Honoré chupa ya bamia za siki, nikaomba nimsaidie kufuta vumbi kwenye santuri zake. Nikafuta na kusikiliza, nikafuta na kusikiliza. Mara mlango wa baa ukalia. Mlango ule hulia kama paka aliyekanyagwa mkia, na Honoré hataki kuutia mafuta. Kaingia Numa. Katazama kitambaa mkononi mwangu, katazama bamia, kasema anafurahi kuona uzeeni nimeanza kupenda usafi.

Halafu kamgeukia Honoré. Kwa haki, kasema, santuri ya Ijumaa itoke nje ya baa. Honoré kakubali papo hapo, kama mtu ambaye hajawahi kuonja bamia zangu. Ataileta Bi Eulalie, mjane wa marehemu Sylvestre aliyekuwa mpiga tarumbeta.

Bi Eulalie anazifunika santuri zake kwa flana na kuzifungia kabatini. Hazina mkwaruzo hata wa dawa.

Nimerudi nyumbani nikiwa sina hamu ya kuzungumza. Earline kanigusa paji la uso.

Jumatano, 8 Oktoba

Mtu mwenye akili hashindwi na kabati.

Nimeamka nikaenda kwa Bi Eulalie na sufuria ya gumbo, ule mchuzi mzito wa kaa na bamia ambao Earline alikuwa ameupika kwa ajili ya kanisa. Nikasema nimemkumbuka tu, na je, hana kazi yoyote ndogo ya mikono? Humo ndani ya nyumba, ikiwezekana. Karibu na kabati, ikiwezekana zaidi.

Kasema Mungu amenileta. Mfereji wa mvua kwenye paa umeziba.

Kutwa nzima juu ya ngazi. Nimetoa majani, matope, mpira wa mtoto, na ndege aliyekufa siku nyingi. Chini yangu, dirishani, Bi Eulalie anakula gumbo na kunielekeza. "Kushoto, mwanangu. Si kushoto huko, kushoto kwangu." Nilipojinyoosha nichungulie ndani, ngazi ikaanza kuondoka bila mimi. Nikaning'inia kwenye mfereji niliotoka kuusafisha. Katoka barazani, kaniangalia, kasema Sylvestre naye alikuwa akipenda kuning'inia kwenye noti ya juu, lakini yeye alikuwa anajua atakavyoshuka.

Nilipoingia kunawa mikono nikaiona. Mezani, ndani ya mfuko. Santuri. Sikuthubutu kuufungua, Bi Eulalie alikuwa amesimama nyuma yangu na taulo. Lakini mfuko ulikuwa na maandishi makubwa mekundu ya duka: Chicago.

Yatosha. Mwenye macho ameona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeshinda nikijisomea Chicago. Yaani nimewaza. Vijana wetu walipanda treni wakaenda huko kutafuta maisha, wakakuta baridi, ndiyo maana tarumbeta za Chicago hukimbia: mpigaji anataka kupata joto. Nimetunga hotuba nzima. Nitamtaja yeyote aliyewahi kupiga tarumbeta huko, nikianza na wakubwa, mpaka Honoré aseme ndiyo.

Namhurumia Numa. Nimepita kwake kumpa pole mapema. Kanikaribisha, tukakaa barazani, akapiga santuri ya piano peke yake, polepole. Nikamweleza piano ile inakosea wapi. Nikamweleza mpigaji anafikiri nini. Numa kasema, "Clovis, ndugu yangu, huyo mtu alishapiga, mwache amalize."

Earline kauliza gumbo ya kanisa iko wapi. Nimesema imekwenda kwa mjane, Biblia inaagiza. Kasema Biblia haikuagiza kuibeba na sufuria. Kisha kasema hivi, na nayaandika ili siku moja ayaonee haya: tangu nimwoe sijawahi kusikia wimbo mmoja mpaka mwisho na mdomo umefungwa. Kasema mwanamke aliyeolewa na mimi humjua mwimbaji kwa jalada tu.

Nimevijaribu viatu vyeupe. Vinabana. Ukubwa una gharama zake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Baa ilijaa. Bi Eulalie kaketi mbele, kofia ya zambarau. Honoré kaiweka sindano. Kimya, hakuna mkwaruzo, kisha tarumbeta. Pole, pole, kama mtu anayepanda ngazi gizani akipapasa ukuta. Nyuma yake watu wanapiga soga, glasi zinagongana. Kumbe imerekodiwa mbele ya watu. Sawa, hata Chicago kuna watu. Tarumbeta ikafika juu, ikasita, na hapo mlevi mmoja kwenye santuri akapiga ukelele wa kupasua masikio: "Pakua, baba, pakua!"

Niliruka kutoka kitini. Sikungoja wimbo uishe. Nikasema hii ni Chicago, nasikia baridi, tarumbeta hii imevaa koti. Nikataja majina. Kisha nikasema naomba klabu iandike barua ya malalamiko, kwa maana usemi wangu, mali yangu, umeibwa mpaka kaskazini, na umeibwa na mpumbavu asiyejua muziki, anayemkata mwenzake katikati ya sentensi, mtu wa kutupwa nje.

Earline alikuwa amejifunika uso kwa pochi.

Numa akangoja wimbo ukaisha. Kafumbua macho. Kasema mpigaji ni Sylvestre, kwa sababu kabla ya noti ya juu anavuta pumzi kwa pua kama mtu anayenusa supu. Mahali ni hapa hapa, ndani ya chumba hiki: mwishoni kuna mtu anaingia, na mlango unalia. Na yule mpumbavu wa kutupwa nje, kasema kwa upole, amevaa viatu vyeupe.

Walicheka mpaka wengine wakaomba maji. Nikauliza, na Chicago je? Bi Eulalie kasema mpwa wake alimletea zawadi kwenye ule mfuko, mfuko mzuri, angeutupa kwa nini.

Kisha akainua mkono, wakanyamaza. Kasema siku ile Sylvestre alikuwa mgonjwa tayari. Alipofika pale juu alitaka kuacha. Mjinga mmoja akapiga kelele, na yeye akaendelea. Walichapa nakala chache za familia, na mrekodi alitaka kuukata ukelele. Sylvestre alikataa. Bi Eulalie kaamuru: "Irudie, Honoré. Na wewe mwanangu, leo sikiliza."

Ikarudiwa. Nikasikiliza. Baada ya ukelele wangu tarumbeta inaujibu. Noti tatu: pa-ku-a. Inazigeuza, inazirudia, inazipandisha juu kuliko pale ilipotaka kuachia. Miaka yote hiyo alikuwa ananijibu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuagiza bia.

Mwavuli ni wa Numa. Sitafungua mdomo tena kwenye muziki.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeshika kamba. Viatu vyeupe. Binamu wa Houston wamenikuta, wakauliza mwavuli uko wapi. Nimewaambia uko mbele, nimemwazima mtu.

Numa katangulia vizuri, siwezi kusema uongo. Goti linapanda taratibu, utepe unang'aa, uso kama jaji. Msafara ukasimama kwa Bi Eulalie, kama desturi, kumpa heshima marehemu. Yuko barazani, kofia ya zambarau. Kijana wa tarumbeta akapiga wimbo ule ule. Akafika pale juu. Akasita.

Mimi kimya. Niliapa. Nimebana midomo mpaka machozi yananitoka. Bi Eulalie ananitazama. Bendi nzima inanitazama. Numa kaacha nafasi yake, kaja mpaka kwenye kamba, kaninong'oneza, "Umri wako wote umepiga kelele zisipotakiwa. Leo zinatakiwa umezimeza?"

Nikaachia. "Pakua, baba, pakua!"

Tarumbeta ikapanda, ngoma zikaingia, mtaa mzima ukaruka. Bi Eulalie kavua kofia, kacheza nayo barazani, analia na kucheka. Numa kanitia mwavuli mkononi, kachukua kamba yangu, kasema mpaka kona tu. Nilitangulia mpaka kona. Earline kanipiga picha. Kidole chake kimefunika nusu yangu, lakini nusu iliyobaki inapendeza sana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Maharage mekundu. Sahani tatu. Miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Nimetafakari. Mimi ni mwanamuziki aliyerekodiwa. Nimemwomba Honoré aandike jina langu kwenye jalada, chini ya la Sylvestre, si lazima lilingane kwa ukubwa. Kasema atafikiria, na akaingia stoo, na hakutoka.

Na shindano la mwaka ujao nimeshalimaliza. Kuanzia leo, popote patakapopigwa tarumbeta katika mji huu, baa, kanisa, mazishi, nitakuwepo na nitapiga ukelele wangu, ili niingie kwenye kila santuri itakayotoka. Numa abaki na pumzi zake na milango yake. Mimi kazi yangu itakuwa rahisi. Nikijisikia kwenye santuri, ni hapa nyumbani.

Nisipojisikia, ni Chicago.