Kondoo Saba wa Hatua Elfu Kumi

Alhamisi ile Elmurod aliingia kwenye mkahawa wa chai ana njaa na hana senti. Hali hizo mbili zikikutana ndani ya Elmurod, lazima kuna mtu mwingine hapa Samarkandi ataumia.

Akaangaza macho kutafuta wa kuumia. Juu ya jukwaa la kulia chakula, kando ya mfereji, walikaa wanaume saba wa kiwanda cha mazulia wakizunguka sinia la pilau, kama walivyokaa kila Alhamisi tangu wakiwa vijana. Lakini leo kulikuwa na vituko. Kila tonge likikaribia mdomo, mkono mmoja unapiga ukelele kwa sauti ya binti mchangamfu: "Tolib! Umekaa dakika arobaini. Simama utembee!" Tolib anasimama, wali kwenye ndevu, anazunguka jukwaa mara mbili, anakaa. Kabla hajameza, mkono wa jirani yake unaanza.

"Asalaam aleikum, wakubwa," Elmurod alisema, akijisogeza karibu na nyama. "Hii ni karamu au kwata?"

"Ni balaa!" alijibu Tolib, mtunza ghala mwenye kilo mia na ishirini, zote za halali. "Mkurugenzi Botir katuvika bangili za kuhesabu hatua. Elfu kumi kwa siku. Asiyefikisha, Jumatatu anakimbia uwanjani huku wasichana wa kufuma wanachungulia madirishani. Jumatatu iliyopita nilikimbia mimi. Walinipigia makofi, ndugu yangu. Makofi!"

"Si uizime tu?"

Wote saba walicheka, kicheko cha watu waliokwisha lia.

"Haizimiki," alisema Rauf, fundi wa rangi. "Ukiibonyeza sana inakuuliza kama una mawazo. Ukiivua inapiga kelele mpaka ihisi mwili wenye joto. Mimi niliifukia kwenye pipa la unga. Mke wangu kasikia sauti ya binti jikoni, na mpaka leo nalala kwa mama yangu."

Elmurod aliacha kutafuna, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Mwili wenye joto," akarudia polepole. "Imetaja mwili wa nani?"

"Haijataja."

"Basi wakubwa wangu, kuleni mshibe. Mimi nina wanariadha saba. Vijana wa mazoezi, hawavuti, hawalewi, hawana midomo mirefu. Kila asubuhi mnanipa bangili, jioni nawarudishia na hatua zenu elfu kumi, moto moto."

"Tunaweza kuwaona?" aliuliza Tolib.

"Wana aibu sana. Wakiona wageni wanakimbia."

Hapo nimtetee kidogo, maana ni jirani yangu. Elmurod hakuwa mwongo kwa tamaa tupu. Alikuwa na miaka thelathini na minne na alimpenda Gulandom, binti anayefanya kazi duka la dawa, mpaka usingizi ulimkimbia. Na mama yake Gulandom, bi Hosiyat, mjane mwuza mikate, alikuwa amekwisha sema neno lake: "Simtoi mwanangu mikono mitupu. Nina madume saba ya kondoo nanenepesha. Idi ya kuchinja nikiwauza, nanunua magodoro, mablanketi na kabati, wiki inayofuata tunafunga ndoa. Wewe tafuta cha kuwalisha wageni tu."

Kwa hiyo Elmurod hakudai pesa. Alidai harusi. Tolib alitoa gunia la mchele mwekundu, Rauf akatoa samovari ya kuchemshia chai ya marehemu baba yake, mwingine sukari, mwingine matikiti, mwingine birika na piale, vile vibakuli vya chai, ishirini na nne. Chumba cha Elmurod kilijaa mpaka akawa analala amekunja miguu.

Na wanariadha je? Aa, hao aliwajua vizuri. Bi Hosiyat aliondoka alfajiri na mikate yake kwenda sokoni, Gulandom akaenda dukani, na uani wakabaki madume saba wamefungwa kwenye vigingi, wanakula, wanalala, wanakula tena. Elmurod aliwafunga bangili kwapani, chini ya manyoya mazito, akawachukua wote saba kando ya mfereji mpaka kwenye mashamba ya pamba na kuwarudisha kabla ya alasiri. Siku arobaini alifanya hivyo. Hata uani alifagia.

"Kijana ameanza kuwa mtu," bi Hosiyat alimwambia bintiye.

"Mama, mimi nikimwona Elmurod anafagia, napata wasiwasi," alisema Gulandom.

Kiwandani mambo yalinoga. Tolib alibandikwa picha ukutani kama mtembezi bora. Daktari wa kiwanda alisoma mapigo yake ya moyo, akasema ni moyo wa mtu asiye na deni wala mke, akampa mkono. Tolib, ambaye wakati huo alikuwa ameongeza kilo nne, alitoa hotuba fupi kuhusu nidhamu.

Kosa la Elmurod lilikuwa moja tu. Mtoto wa mjini yule, kondoo alikuwa anamjua akiwa sahanini. Hakujua kwa nini madume wale walifungwa kwenye vigingi. Kwetu kondoo wa Idi anauzwa kwa mkia wake, lile furushi la mafuta linaloning'inia nyuma. Mnunuzi hatazami macho wala pembe. Anatia mkono chini, anaupima mkia kwenye kiganja, ndipo anataja bei. Dume anayenenepeshwa hatembezwi hata mpaka mlangoni. Na bi Hosiyat naye hakugundua, kwa sababu ni mtu wa kuogopa kijicho: kwake, kuushika mkia kabla ya siku ya kuuza ni kuuroga mwenyewe.

Siku ya mwisho kabla ya Idi, Elmurod ndiyo kwanza amewaingiza kondoo uani, anahema, hajawavua bangili, mlango ukafunguliwa. Bi Hosiyat huyo, amerudi mapema, uso unang'aa, na nyuma yake Gulandom na bwana mnene mwenye suti.

"Karibu, mheshimiwa Botir," alisema bi Hosiyat. "Chagua mwenyewe. Hawajawahi kunyanyua mguu, hawa."

Elmurod akashika ufagio, akaanza kufagia.

Mkurugenzi Botir alikunja mkono wa suti, akainama nyuma ya dume kubwa kuliko wote, akatia kiganja. Akapapasa. Akapapasa tena, kama mtu aliyepoteza funguo.

"Mama," akasema kwa adabu, "mkia uko wapi?"

"Mkia? Si huo..." Bi Hosiyat akatia mkono wake. Akaenda kwa wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, na kila alipoinuka uso ulikuwa umezeeka mwaka. "Wanangu! Mmeyeyukia wapi? Kabati la mwanangu liko wapi?"

Dume lile kubwa lilichoka kushikwashikwa. Likaruka, likamkosa mkurugenzi kwa pembe, likaanza kuuzunguka ua mbio, na wenzake sita nyuma yake. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Ndipo kutoka chini ya manyoya ikasikika sauti ya binti mchangamfu:

"Hongera, Tolib! Hatua elfu kumi! Wewe ni shujaa!"

"Hongera, Rauf!" likaitikia dume jingine.

Wakapongezwa wote saba, mmoja baada ya mwingine. Mkurugenzi aliwasikiliza watumishi wake wakipita na pembe zao, mdomo wazi.

"Nilimpa Tolib cheti," akasema taratibu. "Nilimkumbatia."

"Elmurod," aliita Gulandom. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Elmurod kuliko pembe zote. "Hii ilikuwa harusi yetu. Umeitembeza mpaka imekonda."

Elmurod aliuangusha ufagio. Machozi yakamtoka, ya kweli, akayaachia yatiririke, akaeleza yote, tangu pilau mpaka samovari.

Hapo mkono wa suti ukapiga ukelele: "Botir! Leo umetembea hatua mia tisa tu. Aibu!"

Wote wakamgeukia. Mkurugenzi akaona haya mpaka masikio.

"Mke wangu ndiye aliyenivika," akakiri. "Haizimiki, mama yangu. Nikasema sitateseka peke yangu." Akamsogelea Elmurod, akanong'ona: "Kaka, huwezi kunipatia kondoo wa nane?"

"Hapana!" bi Hosiyat alifoka. "Kondoo wangu leo wanarudi kwenye vigingi, hawasogei mpaka mikia irudi. Mchele na samovari vitakaa kwangu, fidia. Hao mabwana saba, na wewe mheshimiwa wa nane, kila siku mtaniletea shayiri na majani ya kulishia. Na bangili zenu zitavaliwa na mtu aliyewakondesha wanangu."

"Mama, zote nane?" alilia Elmurod.

"Una mikono miwili na miguu miwili. Mbili mbili."

"Na harusi?"

"Muulize kondoo."

Jioni ile Gulandom alirudi na bangili ya tisa aliyoinunua dukani kwake, yenye jina la Elmurod. Akamfunga yeye mwenyewe.

Tangu hapo, ukipita kando ya mfereji asubuhi utamwona Elmurod anakwenda mbio mbio, na sauti za mabinti zinamwita majina tisa. Wiki ya pili alijaribu kuzifunga kwenye punda wa mwuza makaa. Jioni Gulandom akasoma namba, akasema, "Leo moyo wako umepiga kipunda," na Elmurod akaongezewa siku kumi.

Kila Ijumaa alasiri bi Hosiyat, ambaye siku hizi haogopi tena kijicho, anapima mikia. Ijumaa iliyopita nilikuwapo. Alitia kiganja chini ya dume kubwa, akaupima, akaupima tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Unarudi," akasema. "Mwezi mmoja hivi."

Gulandom alikuwa amesimama karibu na Elmurod na bakuli la mtindi. Alimwangalia tu, akamsogezea bakuli, na vidole vyao vikagusana. Papo hapo bangili ya tisa ikalia, ile iliyomfukuza barabarani majuma yote hayo:

"Elmurod! Moyo wako unakwenda mbio mno. Tafadhali kaa chini upumzike."

Gulandom akainamisha uso, lakini sote tulimwona anacheka.

"Usithubutu kukaa!" bi Hosiyat akapaza sauti kutoka nyuma ya kondoo. "Bado hatua mia nne!"