Tomaso Anakana Mkwaruzo Wetu

Desmond Kitto,
Nyumba ya pili baada ya kanisa,
Wheal Agnes, Australia Kusini.
Jumatano, Septemba 10

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Redio ya Wheal Agnes.

Mheshimiwa Mwenyekiti Marlene (na shemeji yangu),

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA PROGRAMU YA KUNAKILI CD

Natumaini barua hii imekukuta mzima, tena umekaa kitini, maana ni ndefu. Ningeweza kukuambia haya Jumapili ukija kula kwetu, lakini dada yako amesema akilisikia neno CD mezani mara moja tena atahamia barazani na sahani yake, na Verna akisema anahama, huhama. Kwa hiyo naandika rasmi, kama mwanakamati, na nimebaki na nakala.

Chanzo unakijua. Mwezi Juni tulikubaliana kwamba CD zote za redio, elfu tatu mia nane na kumi na mbili, zinakiliwe kwenye kompyuta kabla rafu hazijaanguka tena. Swali likawa ni programu gani itumike. Tulikaa vikao vinne. Mimi nilipendekeza moja, ambayo wajumbe waliipa jina la Ya Haraka. Unaiwekea CD, dakika nne imemaliza, na ikikuta mahali palipoharibika inakisia, inapaziba na kuendelea na safari kama mtu mwenye adabu. Ya pili aliileta Glenys Rowse, na sisi tuliolelewa kanisani tukaiita Tomaso, kwa sababu haamini mpaka atie kidole. Tomaso anasoma kila kipande mara mbili, akiona tofauti anarudia mara kumi, mara ishirini, mpaka roho yake itulie, kisha anaandika ripoti ambayo hakuna aliyemwomba. Kura zilikuwa tano kwa nne. Niliyapokea matokeo kiungwana, nikatoka nje, nikapiga teke ndoo.

Leo naomba uamuzi ule ubatilishwe kabla ya mkutano mkuu wa Jumamosi. Sababu zangu ni hizi:

1. Kasi. Tomaso anatumia kama dakika arobaini kwa CD moja. Sisi wa kujitolea tunakutana kwa muda wa saa mbili kila Jumanne na muda huo huo kila Alhamisi. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya kanisa: tutamaliza baada ya miaka kumi na miwili. Mimi nitakuwa na miaka themanini na mitano, na Glenys, ambaye ni mkubwa kwangu ingawa hapendi litajwe, atakuwa na zaidi. Najua wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuachiwa rafu kama ile.

2. Maswali. Kabla hajaanza kazi anataka kujua aina ya kifaa, ujazo wa kumbukumbu yake, kasi ya kuzunguka, na kama kifaa chetu husema ukweli kinapokosea. Hilo la mwisho limeandikwa pale pale kwenye kioo, shemeji, sikulitunga. Mashine inauliza kuhusu uaminifu wa mashine nyingine, tena mbele ya wageni.

3. Majina. Tomaso hajui nyimbo zinaitwaje. Hupima urefu wa kila wimbo, kisha huuliza kwenye mtandao kama kuna mtu duniani mwenye CD ya urefu huo. CD ya bendi yetu ya matarumbeta, fahari ya mji huu, ikafananishwa na CD ya sauti za nyangumi kutoka Iceland. Alhamisi iliyopita ikasomwa hewani hivyo hivyo, kwamba wimbo wa kwanza unaitwa “Mama Nyangumi Akimwita Ndama.” Wasikilizaji watatu walipiga simu. Wawili walisema nyangumi wamejitahidi sana, wa tatu alisema amewahi kusikia nyangumi bora zaidi. Glenys anadai kwamba hata Ya Haraka ingeuliza huko huko na kupata jibu lile lile. Huenda, lakini hatuzungumzii Ya Haraka hapa.

4. Ripoti. Hapa ndipo penyewe, na kwa ajili ya kumbukumbu za kikao nitaeleza yote hata kama unayajua.

Mwaka 2003 bendi yetu ilirekodi CD ukumbini, siku ya joto la nyuzi arobaini na moja. Hakukuwa na wasikilizaji. Hata sisi wenyewe hatukusikilizana, na hiyo ndiyo desturi ya bendi yetu hata siku za baridi. Wimbo wa sita ni ule wa taratibu ambao mimi napiga peke yangu kwa tarumbeta nene, ile inayokaa mapajani kama mtoto aliyeshiba. Fundi kutoka Adelaide alitengeneza CD mbili tu: moja ya redio, na moja akanipa mimi kwa shukrani. Yangu imekaa kwenye kabati la mashuka, ndani ya nailoni yake, mpaka leo.

Wiki ile ile Merv Tregenza, ambaye siku hizo ndiye aliyekuwa na kipindi cha matarumbeta cha Jumanne asubuhi, aliweka pasti yake ya moto, ile sambusa kubwa ya nyama na viazi, juu ya CD ya redio. Alidhani ni kisahani. Miwani ilikuwa kwenye gari. Aliifuta mafuta kwa mkono wa sweta, na kutoka kwenye CD hiyo hiyo zikanakiliwa nyingine mia moja na hamsini zilizouzwa mji mzima ili tununue sare. Watu walipofika wimbo wa sita, dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne, wakasikia mlio wa kutisha. Ikasemwa kwamba ni mkwaruzo wa Merv. Niliyesema ni mimi, sikatai, lakini kila jambo lazima lipate wa kulianza. Merv mwenyewe alikubali bila ubishi. Alisema, “Itakuwa mimi basi,” akavua vipokea sauti masikioni, na kipindi nikakichukua mimi, kwa moyo mzito. Tangu hapo anafyeka majani ya uani na kuchemsha chai, na Kanuni ya Kumi na Nne inasema wazi kwamba M. Tregenza asiguse CD. Ni miaka ishirini na miwili sasa, na hajanung'unika hata siku moja.

Jumanne iliyopita Glenys akaitia CD hiyo kwa Tomaso. Dakika arobaini na saba. Ripoti ikatoka: nyimbo kumi na mbili, kila kipande kimesomwa sawasawa, hakuna kosa hata moja. Nikamwambia Glenys airudie. Akairudia, akaleta ile ile.

Nikamwambia kwa upole, “Glenys, huyo Tomaso wako ni kipofu. Mkwaruzo uko pale, mji mzima unaujua.”

Akanijibu, “Des, miaka thelathini na mmoja nimemsaidia daktari wa meno, hakuna mdomo wa mji huu ambao sijauchungulia. Tundu nalijua, na jino zima nalijua. Hii CD ni jino zima.”

“Na ule mlio je?”

“Mkwaruzo hulia tik, tik, tik. Huu wako unalia mooo.”

Neno “wako” lilitamkwa mbele ya Merv, aliyekuwa ameingia na sinia ya chai. Alinitazama kidogo, kisha akaniuliza, “Des, sukari vijiko vingapi siku hizi?” Sukari yangu anaijua tangu mwaka 2003, shemeji. Sijui aliuliza ya nini. Sikulala vizuri siku ile.

5. Madhara. Siku iliyofuata Merv alijaza fomu ya kuomba kipindi cha Jumanne arudishiwe, na Glenys ameweka ripoti ya Tomaso kwenye ajenda ya Jumamosi ili isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote. Ikisomwa na kupokelewa, Merv atakuwa hana kosa, Kanuni ya Kumi na Nne itafutwa, na mimi nitapokonywa kipindi ambacho nimekilea kwa miaka ishirini na miwili, chenye wasikilizaji waaminifu wasiopungua kumi na wanane. Mbaya zaidi, watu wataanza kuuliza, kama si mkwaruzo, ni nini kilicholia mooo? Ukumbini hakukuwa na ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa napiga.

6. Msingi. Nakuomba uangalie mbali kuliko mimi. Mji huu umejengwa juu ya mambo ambayo tulikwisha kuyakubali. Tumekubali kwamba mgodi ulifungwa kwa sababu ya maji na si kwa sababu ya meneja. Tumekubali kwamba shayiri ya marehemu baba yenu ilishinda maonyesho kwa haki. Tumekubali kwamba pasti zako ni nzuri kama za mama yenu. Leo tukiruhusu programu ipekue CD mara ishirini ikitafuta ukweli, kesho italetwa nyingine ipekue vikombe vya maonyesho, na keshokutwa ya tatu ikae jikoni kwako na kuandika ripoti kuhusu unga. Amani ya mji mdogo haihitaji kusomwa mara mbili. Inahitaji kupita mara moja, kwa kasi, na penye tundu pazibwe kwa kukisia.

7. Biskuti. Tomaso akifanya kazi sisi tunasubiri, na tukisubiri tunakula. Kopo la biskuti lililokuwa likitosha mwezi sasa linaisha Alhamisi ya kwanza. Sina zaidi ya kusema hapo.

Kwa hayo yote naomba: (a) Tomaso aondolewe kwenye kompyuta, na ikiwezekana apelekwe zawadi kwa redio ya Wheal Patience, ambao hawana cha kuficha kwa kuwa hawana hata bendi, (b) Ya Haraka ishike kazi mara moja, (c) ripoti ya Glenys iandikwe kwenye kumbukumbu kuwa imepotea, na (d) mkwaruzo wa mwaka 2003 utambuliwe rasmi kuwa mali ya urithi wa mji, usiguswe wala kuchunguzwa na chombo chochote.

Msalimie mzee wa nyumba na goti lake. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, wale wanne waliopiga kura vizuri na wale watano pia. Glenys msalimie kwa heshima bila kukaa sana. Merv usimsalimie, nitamwona mwenyewe.

Ndimi mtumishi wako wa hiari, na shemeji yako usiyeweza kumbadilisha,

Desmond Kitto
Mtangazaji, Jumanne asubuhi

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha Verna aliponiambia, “Kama una hakika hivyo, si ufungue ile yako ya kabatini? Ile Merv hajawahi hata kuipumulia.” Nikaona ni hoja nzuri. CD yangu ingekuwa safi, mlio usingekuwepo, na Tomaso angeumbuka hadharani. Nilikuwa nimejiambia habari ya mkwaruzo kwa muda mrefu hata nikaisadiki. Ndiyo maana nilimwita Merv aje, ili shahidi awe yeye mwenyewe.

Tulikaa jikoni, sisi watatu. Nikachana nailoni mbele yao, nikaweka wimbo wa sita kwenye redio ya Verna. Dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne, ng'ombe yule yule akalia.

Merv akaweka kikombe chini. Akachukua jalada la CD, akaligeuza mbele na nyuma, akaniuliza taratibu, “Na hii nayo niliikwaruza lini, Des?”

Shemeji, sikuwa na pa kuweka uso. Mwaka ule, katikati ya wimbo, nilivuta pumzi pasipo pake, na tarumbeta ikalia vile. Nilijua siku ile ile, kabla sijashusha tarumbeta, ndiyo maana nailoni haikuchanwa miaka yote. Halafu ikatokea pasti, na kila mtu alikuwa tayari ameikasirikia, na mimi nikaona niiache ibebe na cha kwangu. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami sikuwahi kuuonja uzito wake mpaka leo mchana. Nilimwambia Merv yote, na nikamwomba radhi. Verna alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo na hakufuta hata sahani moja.

Kwa hiyo nafuta hoja ya kwanza mpaka ya sita. Ya saba, kuhusu biskuti, inabaki. Tomaso aendelee, ripoti isomwe, na kipindi cha Jumanne arudishiwe mwenyewe.

Nilidhani yameisha, nikamwambia Merv nitaichana barua hii na kukuandikia nyingine fupi. Akataka kuiona kwanza. Aliisoma yote pale mezani, akarudia ukurasa wa tatu, akaikunja vizuri na kunirudishia. Akasema amenisamehe, na kwa miaka ishirini na miwili hataki fidia ila moja tu: Jumamosi niisome mimi mwenyewe mbele ya wanachama wote, kuanzia anwani, bila kuruka neno. Kwa hiyo naituma kama ilivyo, na kuhusu zile pasti zako, shemeji, nakuomba radhi mapema.